Skana ya ofisi haioni mtandao: jinsi ya kutafuta tatizo hatua kwa hatua

Msikilizaji, siku hizi kazi nyingi haziishii kwenye kalamu na muhuri. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu hutuma maombi yake kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, na kurasa alizosaini lazima ziskaniwe ndipo zipandishwe mtandaoni. Chama cha ushirika hutakiwa kupeleka nakala za mikataba. Zahanati hutuma ripoti wilayani, na mwalimu mkuu hutuma orodha ya wanafunzi.

Ndiyo maana skana ikigoma katika ofisi ya kata au kwenye steshenari, hasara haibaki kwa mwenye mashine. Anayeumia ni yule aliyepanda bodaboda kilomita nyingi akiwa na bahasha mkononi, na huenda siku ya mwisho ya kupokea maombi ni leo.

Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kutafuta chanzo pale skana inapodai haina mtandao au inaposhindwa kutuma. Maelezo yanahusu pia zile mashine za pamoja zinazochapa, kutoa kopi na kuskani. Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji kufuata mpangilio tu, kwa sababu kubonyeza ovyo huongeza tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Tofautisha mtandao wa ndani na intaneti

Watu wengi hudhani bando likiisha, skana nayo imekufa. Si kweli, na kulijua jambo hili kunaokoa fedha na muda.

Fikiria ruta kama stendi ya mabasi. Yapo magari yanayozunguka mjini humohumo, na yapo yanayokwenda mikoani. Nakala inapotoka kwenye skana kwenda kwenye kompyuta iliyo ofisi hiyohiyo, hiyo ni safari ya mjini. Hupita kwenye ruta na kufika bila kutumia bando hata kidogo. Nakala inapotumwa kwa barua pepe, hiyo ni safari ya mkoani, na hapo ndipo intaneti inahitajika.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni hili: skani ukurasa mmoja kwenda kwenye kompyuta ya ofisini. Ukifika, skana na mtandao wa ndani ni vizima, na tatizo liko upande wa intaneti au barua pepe. Usipofika, usikimbilie kununua bando. Tatizo liko humo ndani.

Anza na umeme, waya na mpangilio wa kuwasha

Umeme ukikatika na kurudi, vifaa vyote huwaka kwa pamoja. Skana inaweza kuwaka haraka, ikatafuta ruta na kuikosa kwa sababu ruta bado inajipanga. Mashine nyingine hukata tamaa hapohapo na kukaa bila mtandao hadi uiwashe upya.

Fanya hivi:

1. Zima skana, kompyuta na ruta.
2. Washa ruta peke yake, usubiri dakika tatu hivi mpaka taa zake zitulie.
3. Washa skana, usubiri iwe tayari kabisa.
4. Washa kompyuta, kisha ujaribu tena.

Kama skana inatumia waya wa mtandao, angalia tundu unapoingia. Kwa kawaida kuna taa ndogo hapo. Zikiwa zimezimika wakati mashine imewaka, chomoa waya na uurudishe mpaka usikie umelia na kukaza. Halafu jaribu tundu lingine kwenye ruta, kisha waya mwingine. Panya hutafuna waya, na kile kidude cha plastiki kinachokaza huvunjika, waya ukabaki unacheza.

Tahadhari: usibonyeze kile kitufe kidogo kilichofichwa nyuma ya ruta kinachohitaji sindano. Hicho hufuta mipangilio yote na kuirudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Mtakuwa mmeikatia mtandao ofisi nzima.

Ukitumia Wi-Fi

Nenda kwenye menyu ya skana, sehemu iliyoandikwa Network, usome jina la Wi-Fi ambalo mashine imeshika. Hapa kuna makosa manne yanayojirudia.

Kosa la kwanza ni nywila iliyobadilishwa. Mtu amebadilisha nywila, yaani neno la siri la Wi-Fi, simu zote zikaingiziwa nywila mpya, skana ikasahauliwa. Iingize upya, na kumbuka kwamba herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja.

Kosa la pili ni vifaa kuwa kwenye mitandao miwili tofauti. Ofisi ina ruta ya ukutani, na mhasibu ana kiruta chake cha mfukoni chenye laini. Skana iko kwenye ya ukutani, kompyuta imeunganishwa na ya mfukoni. Zote mbili zinasema zina mtandao, na zote zinasema kweli, lakini hazionani, kama watu waliopatana kukutana stendi halafu kila mmoja akaenda stendi yake. Ziunganishe kwenye Wi-Fi moja. Wi-Fi ya wageni nayo uiepuke, kwa kuwa mara nyingi imewekwa ili vifaa vyake visionane.

Kosa la tatu ni aina ya mawimbi. Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Skana nyingi za ofisi ndogo, hasa za miaka ya nyuma, husikia yale ya 2.4 peke yake. Mtandao wa gigahezi 5 hautaonekana kabisa kwenye orodha ya skana, hata ukiiweka juu ya ruta. Unganisha skana kwenye ule wa 2.4. Kompyuta inaweza kubaki kwenye ule wa 5 na bado vikaonana, mradi yote miwili inatoka kwenye ruta moja.

Jambo hili linawahusu pia wanaotumia hotspoti ya simu. Kama skana haioni hotspoti yako, fungua mipangilio yake na uchague gigahezi 2.4. Kwenye iPhone, washa chaguo la Maximize Compatibility lililo kwenye ukurasa wa hotspoti.

Kosa la nne ni aina ya ulinzi. Ruta mpya inaweza kuwekwa kwenye ulinzi wa WPA3 peke yake, ambao skana ya zamani haiuelewi. Itaona jina la mtandao lakini itakataliwa mlangoni ingawa nywila ni sahihi. Dawa ni kuweka ruta kwenye mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Usisahau umbali. Mabati, kuta nene za zege na makabati ya chuma hudhoofisha mawimbi. Kama skana iko chumba cha mwisho, isogeze karibu na ruta kwa majaribio. Ikifanya kazi hapo, umeshajua ugonjwa.

Soma anwani ya skana

Kila kifaa kwenye mtandao hupewa namba ya kukitambulisha, iitwayo anwani ya IP. Ruta ndiyo inayozigawa. Anwani ya skana utaipata kwenye menyu ileile ya Network, au kwa kuchapa karatasi ya taarifa za mtandao kama mashine yako inachapa.

Namba hiyo inakwambia mengi:

• Ikianza na 192.168, kwa mfano 192.168.1.20, kwa kawaida skana imepokelewa na ruta. Linganisha na ya kompyuta. Katika ofisi nyingi ndogo, mafungu matatu ya kwanza lazima yafanane. Kama skana ina 192.168.1.20 na kompyuta ina 192.168.8.5, viko kwenye mitandao miwili tofauti.

• Ikianza na 169.254, skana iliomba namba, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Maana yake haijawasiliana na ruta. Rudi kwenye waya, nywila na mpangilio wa kuwasha.

• Ikiwa ni 0.0.0.0, haina anwani kabisa.

Sasa tumia simu yako kupima. Iunganishe simu kwenye Wi-Fi ya ofisi, zima data ya laini kwa muda, fungua kivinjari na uandike namba ya skana pale juu unapoandika anwani za tovuti. Skana nyingi za mtandao zina ukurasa wake wa mipangilio. Ukifunguka, simu na skana vinaonana na mtandao wa ndani ni mzima. Kipimo hiki hakina gharama, na kinakuonyesha upande gani wa kutafuta.

Lipo tatizo linalowasumbua wengi: skana ilifanya kazi jana, leo baada ya umeme kukatika kompyuta haiioni. Mara nyingi ruta imegawa namba upya. Skana iliyokuwa na 20 mwishoni sasa ina 23, lakini kompyuta bado inagonga nyumba namba 20. Unaweza kuondoa skana kwenye kompyuta na kuiongeza upya, lakini itarudia. Tiba ya kudumu ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuihifadhia skana namba moja isiyobadilika. Fanya vivyo hivyo kwa kompyuta inayopokea nakala.

Skana ina mtandao, lakini haiingii kwenye folda

Ofisi nyingi huweka folda moja kwenye kompyuta ili nakala zote zitue humo. Kama skana ina anwani nzuri lakini inaandika kwamba imeshindwa kuunganika au imekataliwa, angalia haya.

Kompyuta imelala. Kompyuta iliyojizima kwa kukaa bila kuguswa haipokei kitu. Iamshe, kisha ujaribu.

Nywila ya kompyuta imebadilika. Skana hutunza jina na nywila ya mtumiaji wa kompyuta. Ukibadilisha kwenye kompyuta, badilisha na kwenye skana. Kumbuka kwamba zile tarakimu fupi za PIN unazofungulia kompyuta si nywila ya akaunti, na skana haiwezi kuzitumia. Vilevile, akaunti isiyo na nywila kabisa hukataliwa na Windows inapoombwa kupitia mtandao.

Windows inadhani uko mahali pa hadhara. Ukiunganisha kompyuta kwenye Wi-Fi mpya, Windows inaweza kuihesabu kuwa Public na kufunga milango yote kwa usalama. Kama ni mtandao wa ofisi yenu unaouamini, badilisha uwe Private.

Skana ni ya zamani, kompyuta ni mpya. Vifaa hivi hupelekeana mafaili kwa lugha iitwayo SMB. Toleo la kwanza la lugha hiyo lina udhaifu mkubwa wa kiusalama, na mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliutumia kusambaa kwenye kompyuta za nchi nyingi. Kuanzia toleo la Windows 10 la Oktoba 2017, Microsoft iliacha kuliweka toleo hilo la kwanza katika kompyuta mpya. Windows 11 ya mwaka 2024, iitwayo 24H2, imeongeza masharti mengine: inataka kila ujumbe wa SMB uwe na saini ya kuthibitisha unakotoka.

Ndiyo maana skana iliyonunuliwa mtumba inaweza kukosana na kompyuta mpya ingawa zote ni nzima, na skana inayofanya kazi vizuri inaweza kukwama siku moja baada ya kompyuta kujisasisha. Kwanza tafuta sasisho la programu ya skana kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kama halipo, skani kwa programu ya mtengenezaji, kwa fleshi au kwa waya wa USB. Fundi akikwambia atarudisha SMB ya kwanza ili mambo yaende, mwambie atafute njia nyingine. Kompyuta yenye kumbukumbu za wananchi haifai kuachwa mlango wazi.

Skana inakataa kutuma barua pepe

Hapa intaneti inahitajika, kwa hiyo hakikisha kwanza bando lipo na simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo inafungua tovuti.

Kama intaneti ipo, angalia tarehe na saa ya skana. Mashine iliyozimwa muda mrefu inaweza kurudi na tarehe ya miaka iliyopita. Barua pepe za sasa hupita kwenye njia iliyofungwa kwa usalama, na vifaa hukagua vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya mwisho. Saa ikiwa si sahihi, cheti kizuri kinaonekana kibovu na safari inaishia hapo.

Kisha angalia akaunti. Kwa wanaotumia Gmail, tangu tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kuruhusu vifaa na programu za nje kuingia kwenye akaunti binafsi kwa jina na nywila ya kawaida peke yake. Skana nyingi ndizo zilizokuwa zikifanya hivyo. Ukitaka iendelee, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google, halafu tengeneza nywila maalumu ya programu. Utapewa herufi 16, na hizo ndizo unazoziingiza kwenye skana badala ya nywila yako. Seva iwe smtp.gmail.com, na mlango uwe 587 kwa ulinzi wa TLS au 465 kwa SSL.

Ukibadilisha nywila ya akaunti ya Google, zile za programu hufutwa zote, hivyo utatengeneza nyingine kwa ajili ya skana.

Faili zito kuliko mtandao wenu

Wakati mwingine hakuna kilichoharibika. Faili ni kubwa mno kwa mtandao dhaifu, skana inasubiri, muda unaisha, inaandika imeshindwa.

Ukurasa mmoja wa A4 ukiskaniwa kwa rangi katika ubora wa dpi 300 una data ya takribani MB 26 kabla haijabanwa. Ukiskaniwa kwa rangi ya kijivu ni kama MB 9. Ukiskaniwa kwa nyeusi na nyeupe tupu ni MB 1 hivi. Ukipandisha ubora hadi dpi 600, kila namba hiyo inazidishwa mara nne. Ukihifadhi kama PDF mashine hubana na uzito hupungua sana, lakini uwiano unabaki kuwa wa namna hiyo.

Gmail hairuhusu viambatisho vinavyozidi MB 25, na ufungashaji wa barua pepe wenyewe huongeza uzito kwa karibu theluthi moja. Kwa barua na fomu za kawaida, tumia kijivu, dpi 200, na PDF. Cheti chenye muhuri wa rangi kiskani kwa rangi, dpi 200 hadi 300. Mkataba wa kurasa 40 ugawe katika mafungu manne, utume kimoja kimoja.

Muda ukibana, usisubiri fundi

Kama leo ndiyo siku ya mwisho, okoa kwanza kazi ya mwananchi, mashine mtaitibu kesho. Njia ni hizi:

• Unganisha skana na kompyuta kwa waya wa USB, kama ina tundu hilo.
• Skani kwenda kwenye fleshi, kama skana ina sehemu ya kuichomeka.
• Tumia simu. Programu ya Google Drive kwenye Android ina sehemu ya kuskani inayotoa PDF, na kwenye iPhone programu ya Notes inafanya hivyo. Weka karatasi mezani penye mwanga wa kutosha, simu iwe juu yake moja kwa moja, na hakikisha kona zote nne zinaonekana na muhuri unasomeka.

Picha ya kawaida iliyopigwa kwa pembeni yenye kivuli cha mkono si nakala ya kuskani, na inaweza kurudishwa.

Linda nyaraka za watu

Wakati wa kuhangaika na mtandao, nakala hubaki ovyo. Fomu yenye namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa au jibu la hospitali vinabaki kwenye kompyuta ya steshenari au kwenye fleshi ya jirani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda.

Wewe mwenye karatasi, kabla hujaondoka omba nakala yako ifutwe mbele yako, pamoja na kwenye kapu la taka la kompyuta. Angalia pia kwamba hujasahau karatasi halisi chini ya kioo cha skana. Wewe mwenye ofisi, usitumie akaunti yako binafsi ya barua pepe kwenye skana ya wote. Fungua ya kazi hiyo peke yake.

Ukimwita fundi, mwambie haya

Fundi mwenye taarifa hutumia dakika, asiye na taarifa hutumia siku, na siku hizo unazilipia wewe. Mwandalie majibu haya:

1. Aina na namba ya skana, iliyoandikwa nyuma au chini yake.
2. Picha ya simu ya maneno au namba ya kosa inayoonekana kwenye kioo.
3. Anwani ya IP ya skana na ya kompyuta.
4. Njia inayogoma: folda, barua pepe, au zote.
5. Kilichobadilika kabla ya tatizo: umeme kukatika, ruta mpya, nywila mpya, au kompyuta kujisasisha.

Swali la tano ndilo linalofungua kesi nyingi. Skana iliyofanya kazi Ijumaa na kugoma Jumatatu kwa kawaida haijafa, bali kuna kitu kilichobadilishwa katikati. Ukikipata hicho, hata fundi huenda usimhitaji.

Tunashauri kila ofisi iwe na daftari dogo karibu na skana, lenye anwani ya skana, jina la Wi-Fi, na tarehe ya kila badiliko. Nywila usiziandike humo, zitunze mahali pa siri panapojulikana na watu wawili. Karani akihamishwa, ofisi isihame naye.